Muhogo wa Chini ya Meza

MWANAKOMBO: Haloo? Haloo, mwalimu Witness?

WITNESS: Ndiyo, nani mwenzangu?

MWANAKOMBO: Mwanakombo, muuza muhogo wa pale sokoni. Nimeazima simu ya Rehema wa nyanya, yangu imezima—

WITNESS: Dada'angu! Za tangu juzi? Nilitaka nikupigie nikushukuru, yaani—

MWANAKOMBO: Salama. Sikiliza, mwalimu, jana adhuhuri—

WITNESS: Jana nilikukosa! Wakasema umekwenda kuswali. Nikajichagulia mwenyewe kama siku zote, hela nikakuachia chini ya mizani. Uliiona?

MWANAKOMBO: Niliiona. Muhogo ulichagua wa wapi? Wa juu ya meza?

WITNESS: Juu ilibaki myembamba kama vidole vyangu. Nikatoa ile ya kwenye kiroba, chini. Mikubwa, myeupe—

MWANAKOMBO: Yallah.

WITNESS: Haloo? Unakatikakatika. Huku Likombe mtandao nao—

MWANAKOMBO: Umeshaipika?

WITNESS: Tumeshakula! Kama ulivyonielekeza: tui zito, nyanya, kitunguu, embe bichi kidogo, na kamba wa Msimbati niliwapata asubuhi. Si nilikwambia mama yake Godfrey kaja kutoka Njombe? Mama mkwe wangu yule, wiki nzima kila nikitenga chakula ana neno. Mara chumvi imezidi, mara samaki ananuka bahari—

MWANAKOMBO: Mwalimu. Ile mihogo hailiwi mibichi.

WITNESS: Eti?

MWANAKOMBO: Michungu ile. Ya makopa. Inamenywa, inaanikwa ikauke kabisa, ndo inasagwa unga. Ukiichemsha tu ukala, sumu. Mwenyewe aliyenipa nimtunzie kaja sasa hivi kuchukua kiroba chake, kakikuta kimepungua. Rehema ndo kanambia umechukua wewe.

WITNESS: Sumu gani? Dada, acha utani.

MWANAKOMBO: Nitanie na roho za watu mie? Nani kala?

WITNESS: Mimi... kipande cha kuonja. Kilikuwa kichungu, nikajua tui limechacha, nikaogopa hata kusema. Mwanangu Lucy yuko shule, baba yake yuko bandarini—

MWANAKOMBO: Na mama mkwe?

WITNESS: Mama... Mungu wangu.

MWANAKOMBO: Witness! Mama mkwe kala?

WITNESS: Kamaliza sahani. Hakusema neno, dada, yeye asiyeacha kusema! Kanambia, "Asante mwanangu, leo umepika." Nikaenda kulia jikoni kwa furaha. Akaongeza na—

MWANAKOMBO: Yuko wapi?

WITNESS: Kalala. Alisema kichwa kinamgonga. Nikasema joto la Mtwara, hajalizoea...

MWANAKOMBO: Kamwamshe! Usikate simu. Nenda!

WITNESS: Mama? Mama! Amka, mama!

MWANAKOMBO: [mkwaruzo] Ya Rabi, si ningekifunga tu mdomo kile kiroba! Rehema, muite Thabiti na bajaji yake! Ee, najua salio ni lako, utanisema baadaye. Haloo? Mwalimu?

WITNESS: Kaamka. Anatapika. Miguu haimshiki, dada, naogopa.

MWANAKOMBO: Hospitali, sasa hivi. Usihangaike na maziwa. Daktari umwambie kala muhogo mchungu, useme hivyo hivyo. Na wewe umeonja, mwambie na hilo. Thabiti huyu hapa, tunakuja.

WITNESS: Ngoja. Anasema kitu.

MWANAKOMBO: Anasemaje?

WITNESS: Anasema... uchungu aliusikia tangu tonge la kwanza.

MWANAKOMBO: Sasa kwa nini—

WITNESS: Jana usiku alinisikia namlilia Godfrey kwamba mama yake hanipendi. Akajiapia leo hatatia kasoro. Dada, nimemlisha sumu akaniambia asante!

MWANAKOMBO: Usilie sasa hivi. Mshike kiunoni, mtoke barabarani. Tumeshapanda. Asilale tena, umwongeleshe.

WITNESS: Mama, tunatoka, nishike shingo. Mama, sikia, kile chakula kilikuwaje? Kiseme vibaya. Yote. Chumvi ilikuwaje, mama?

MWANAKOMBO: Anajibu?

WITNESS: Mama? Niambie, mama, chumvi—

MWANAKOMBO: Mwalimu, anajibu? Mwalimu! Salio la Rehema lina—