Ngazi ya Shemeji na Fimbo ya Kaka

Karatasi? Hapana, Mheshimiwa, sina karatasi. Umeniuliza mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu: binti yangu aliniandikia hotuba nzuri kabisa, ina maneno kama "ubunifu" na "ustawi", nikaisoma mbele ya kioo, kioo kikaniangalia kama vile suti nimeiba. Nikaiacha nyumbani. Nitasema ninavyojua kusema, na mkiona nimepotea njia pigeni makofi, nitaelewa kwamba nimefika.

Haya. Mheshimiwa Mkuu wa Bandari, Bwana Mkaguzi wa Usalama, ambaye hata sasa namwona anakikagua kiti alichokalia, waheshimiwa manahodha na wenye meli, ndugu marubani, mafundi wa karakana hii ya ngazi tunayoifungua leo, mama yangu mzazi, uliyewahi ukakaa karibu na feni, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi ndugu zangu ambao hamkualikwa ila mlisikia kuna chakula: salamu kwenu nyote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo achukue changu, sijawahi kukitumia.

Wengi mnanijua kwa jina la Vitunguu. Ndiyo mimi ninayepeleka vitunguu melini, na sabuni, na ndala, na laini za simu, na chochote ambacho baharia amekisahau nchi kavu. Shule nilionja tu. Kidato cha kwanza sikukiona, ila vidato vya ngazi za meli nimevipanda sana, na ada yake nimelipa kwa magoti.

Najua kuna wageni wa nchi kavu hapa wanaojiuliza moyoni: ngazi nayo ni kitu cha kukatiwa utepe? Ngojeni niwaeleze. Meli kubwa haiingii bandarini kwa kubahatisha. Inapunguza mwendo huko nje, na rubani wa bandari, anayeijua njia ya hapa kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake, anaifuata kwa boti ndogo. Boti inajibana ubavuni mwa meli, zote mbili zinakwenda, hakuna inayosimama kumsubiri mwenzake, na hapo ndipo rubani anatakiwa aiache hii ashike ile. Anashika nini? Kamba mbili na vipande vya mbao vilivyoning'inia. Basi. Hakuna mlango, hakuna karibu mgeni.

Mmewahi kuitazama meli kubwa kutoka chini, mkiwa botini? Ukiwa gatini inaonekana kama jengo. Ukiwa chini yake baharini si jengo tena, ni ukuta unaopumua. Unapanda, unashuka, unanguruma ndani kwa ndani kama tumbo la mnyama mkubwa aliyeshiba, na maji yananyonywa chini yake kwa mlio ambao mimi, pamoja na mdomo wangu wote huu, sijawahi kuupatia mzaha. Unatazama juu, unaona uso wa baharia umekuwa punje ya mchele. Kati yako na ile punje ya mchele kuna ngazi. Siku hiyo utajua kama una kiburi au huna. Mimi kila nikiishika kamba ya kwanza, maneno yananikauka, na anayenijua anajua hilo si jambo la kawaida.

Sasa kuna mtu aliyekuwa akifanya hivyo kila siku kama sisi tunavyopanda kitandani. Ni kaka yangu, yule pale mwenye fimbo. Kaka, usiiname, suti imekupendeza.

Siku aliyoanguka hapakuwa na dhoruba wala nini. Jua lilikuwa zuri, bahari ina adabu zake. Na mabaharia wa meli ile walikuwa watu wema, hapo ndipo penye uchungu. Walisikia rubani anakuja, wakasema mgeni mheshimiwa hapokelewi kwa ngazi chakavu. Wakaipaka rangi. Nyeupe, inang'aa kama meno ya bwana harusi. Ndugu wageni, ngazi ya meli haipakwi rangi. Rangi inateleza, na ubaya zaidi, rangi inaficha. Chini ya ile rangi kulikuwa na kidato kilichopasuka, na aliyekipaka alikipaka kwa heshima. Kaka akaikanyaga ile heshima. Ikavunjika.

Akaangukia majini, kati ya boti na meli, mahali ambapo hata papa hapendi kupita. Anayeendesha boti, tunamwita Kimya, aliivuta boti pembeni kabla ule ukuta haujaifuata, akamzunguka kaka, akamdaka kwa jaketi lake kama anavyodakwa kuku wa mgeni. Kimya, simama watu wakuone. Hataki. Basi mpigieni makofi hivyo hivyo akiwa amekaa.

Mguu ulivunjika, nyonga ikatoka mahali pake. Nilifika hospitali nikiwa na machungwa na machozi, nikamkuta shemeji amefika kabla yangu. Shemeji yangu, mke wa kaka, ni mhandisi. Wakati ule kazi yake ilikuwa kuchora ngazi za maghorofa, hizi za watu wanaopanda na mifuko ya sokoni huku wakigombana na watoto. Nikatega sikio nyuma ya pazia la mlango nisikie mke anamwambia nini mume aliyerudi kutoka kwa mauti.

Akamwuliza, "Kilikuwa kimepakwa rangi?"

Kaka akasema, "Mke wangu, hata hujaniuliza kama naumwa."

"Kuumwa nakuona. Rangi sijaiona. Kilikuwa kimepakwa rangi?"

"Kilikuwa kimepakwa."

Halafu akaligeukia pazia, maana viatu vyangu alikuwa ameshaviona, akaniambia, "Shemeji, acha kujificha. Wewe unafika meli zote. Niletee ngazi zao mbovu. Zote wanazotupa."

Nikasema, "Shemeji, mimi nauza vitunguu."

Akasema, "Basi badilishana."

Nikabadilishana. Nilikuwa napanda na vitunguu, nashuka na ngazi. Mabaharia walidhani nimeanza kuchanganyikiwa, wakanipunguzia bei ya ngazi kwa huruma. Nyumba ya kaka ikajaa ngazi. Zilining'inia sebuleni, zikaning'inia barazani, ukienda kunawa mikono unapenya katikati ya ngazi kama mbuzi kwenye mahindi. Mama alipokuja kumtazama mgonjwa alisimama mlangoni akauliza, "Wanangu, mnahamia mbinguni?" Mama, si uliuliza? Anakataa. Aliuliza.

Na shemeji anazitazama tu. Anapapasa kamba kwa vidole kama daktari anavyotafuta mshipa. Mimi pale nilikuwa naona kamba kuukuu. Yeye alikuwa anaona mtu. Aliniambia, "Hapa pameliwa kwa ndani. Nje ni nzima, ndani ni unga. Aliyepanda juu yake asubuhi ile aliaga watoto wake vizuri tu." Ndugu wageni, nikaiachia upesi. Mkono wangu ulikuwa umeishika kamba ile ile, na siku nyingine, kwenye meli nyingine, nilikuwa nimening'inia kwenye ndugu yake huku nikipiga mluzi.

Ndipo akatengeneza ngazi yake. Sitawadanganya kwamba nakijua kila kitu kilichomo. Hesabu zake ukizitazama unaweza kupata homa. Nitasema mawili tu, yaliyonifunga mdomo. La kwanza: ndani kabisa ya kamba, kwenye moyo wake, ameusokota uzi mwekundu. Kamba ikiwa nzima huuoni. Kamba ikianza kulika, ule uzi unachungulia. Yaani kamba inajisemea yenyewe: jamani, mimi nimechoka, nishusheni. Mmeona wapi kitu kinachojichongea kwa bosi wake ili kumwokoa mtu kisiyemjua? La pili: vidato vyake ni mbao ngumu iliyochimbwa mistari na kushibishwa mafuta, na ukiipaka rangi, rangi haikai. Inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Mabaharia wetu waliipaka kwa makusudi, kwa kuijaribu, asubuhi ikawa imejivua. Mbao imekataa kuvalishwa uongo!

Halafu likaja suala la kuijaribu kwa mtu. Humu humu karakanani wamesimamisha ukuta wa chuma unaoyumba, na fundi mmoja anamwagia maji kwa mpira wa bustani. Walishaning'iniza magunia ya mchanga hadi yakachoka. Shemeji akanipigia simu, njoo. Nimefika, nimevalishwa kofia ngumu na jaketi la kujiokolea, nimeambiwa nipande, maji yananipiga usoni, ukuta unanichezesha kama mdundo wa harusi. Nikapiga kelele:

"Shemeji! Mimi ni shemeji yako, si gunia!"

Naye chini kule, na kalamu sikioni: "Gunia halilalamiki, ndiyo maana nimekuita wewe. Sema inapouma!"

"Inauma kila mahali!"

"Sema sehemu moja moja!"

Nikasema. Mara kidole gumba kinabanwa hapa, mara goti linagonga pale. Kila nilipolalamika nilishushwa, wanarekebisha, napandishwa tena. Mimi nimezoea watu waniambie nyamaza, Vitunguu. Huyu alikuwa mtu wa kwanza maishani kuniomba niendelee.

Hadi siku moja nikapanda mpaka juu, nikaanza kushuka, na maji machoni nilikuwa sioni kitu. Nikateremsha mguu. Kidato kikawepo. Nikateremsha mwingine. Kikawepo. Kila mguu ulikokwenda ulikuta umesubiriwa, kama mtu anayerudi nyumbani akakuta taa imewashwa na chakula kimefunikwa. Nikafika chini. Shemeji akaniuliza, "Inauma wapi?" Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mafundi ni mashahidi. Akanitazama, akaiondoa kalamu sikioni, akasema taratibu, "Basi iko tayari."

Bwana Mkaguzi naye akaja, akaikagua, akaikagua tena, akaivuta, akainusa. Nilidhani atailamba. Akaipitisha. Asante, Bwana Mkaguzi, na samahani kwa kile kiti.

Limebaki jambo moja, na kwa hili niliomba ruhusa kwa mwenyewe akaniruhusu. Kaka alipona mguu zamani. Daktari alishamwambia, rubani wewe ni mzima, tupa hiyo fimbo. Hakuitupa. Tangu siku ile anafanya kazi ya redioni, anawaongoza wenzake kwa sauti kutoka juu ya mnara, na kila meli ikiingia anasimama dirishani mpaka ifunge kamba. Nikamtania siku moja, kaka, hiyo fimbo unaichumbia? Akasema, "Mdogo wangu, hii siishikii mguu. Naishikia ule mlio wa mbao. Bado nausikia." Nikaacha kutania. Kuna vitu hata mimi nina adabu navyo.

Alipotaka kurudi baharini, shemeji alimwambia mbele yetu mezani, "Utarudi kwa ngazi yangu, au hurudi." Naye akamjibu, "Nitarudi kwa ngazi yako, au sirudi." Wakaendelea kula. Ndoa za watu, ndugu zangu, msiziingilie.

Basi leo ndiyo leo. Tazameni dirishani, wale wa nyuma simameni tu. Ile meli kubwa mnayoiona imetulia nje kule kama mlima uliopotea njia, ubavuni mwake imeteremshwa ngazi ya shemeji, ya kwanza kushika maji ya chumvi na mtu wa kweli. Kimya ataondoka sasa hivi kwenda kuiwasha boti. Na rubani anayekwenda kuipanda ni huyu hapa. Ndiyo maana hajagusa sahani yake. Ndiyo maana shemeji, mhandisi wetu, aliyesimama mbele ya wakaguzi bila kupepesa jicho, ameikunja ile leso yake mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. Shemeji, nakuheshimu kuliko ninavyojua kusema. Wengine wanajenga minara ili waonekane. Wewe umejenga kitu kinachoning'inia nje ya meli, kwenye mvua, ambacho mtu akikitumia vizuri hatakikumbuka kabisa. Atakumbuka tu kwamba alirudi nyumbani akala. Ukubwa wa namna hiyo mimi unanitisha.

Kaka, naomba hiyo fimbo. Lete. Ngazi inataka mikono miwili, na wewe unalijua hilo kuliko sisi sote. Asante. Aa, kumbe nzito hivi.

Sasa, waheshimiwa manahodha na wenye meli, mimi mnanijua ni mtu wa nipe nikupe, sijawahi kutoa kitu nikabaki mkono mtupu, hata salamu natafuta faida yake. Kwa hiyo tufanye biashara. Kaka akiushika ukingo wa juu, akaingia sitahani, akageuka akatupungia, fimbo hii naivunja hapa hapa juu ya goti langu. Na kila mmoja wenu, akirudi melini kwake, aitoe ile ngazi yake iliyopakwa rangi ya heshima, aivunje. Asiiuze, asiifiche stoo, asimpe mtu wa nchi kavu apandie paa. Aivunje. Fimbo kwa ngazi. Na meli itakayonionyesha vipande vyake, gunia la kwanza la vitunguu ni bure. Mama, usishtuke, umesikia vizuri: bure.

Anayekubali anyanyue mkono. Bwana Mkaguzi, wahesabu, mimi hesabu zangu mnazijua.

Nimewachosha masikio na mmenivumilia, asanteni sana. Sasa yapumzisheni, mniazime macho: kaka ameshafika mlangoni. Twendeni dirishani.