Ikiwaka, Acha

Benchi la kijiwe chetu cha mtaa wa Manika lina miguu mitano. Wa tano aliupigilia Tshibangu, muuguzi, siku wagonjwa walipozidi, maana kabla ya kuwa benchi la kahawa lilikuwa la zahanati yake, ng'ambo ya barabara. Tshibangu alisukumwa kwenye treni pamoja na Wakasai wenzake, walipofukuzwa warudi kwao Kasai, wengi wao wazaliwa wa papa hapa Kolwezi, na zahanati ikagawanwa kama nyama ya mbuzi: huyu mlango, yule kitanda. Benchi likawaangukia wateja wa Mama Odile, muuza kahawa, wakalikalia bila haya. Odile ni albino, na pua yake ina kidonda cha saratani. Krimu aliyoachiwa na Tshibangu imeigeuza pua nzima kuwa nyekundu. Inabambuka, inavuja maji. Dada yake Mamie, mwenye ngozi kama yake, alianza na kidonda cha sikio, wakaishia kumzika. Kwa hiyo Odile anaogopa, na haoni sababu ya kuficha.

Asubuhi hiyo aliiweka dawa juu ya meza, katikati ya vikombe.

— Batata, baba zangu, munisaidie. Tshibangu alinipatia hii pomade wakati batu banaimba kwa mulango yake, banapiga mabati. Alisema: "Ikiwaka, mama, acha." Sasa inawaka. Niache kupakaa, ao niache tu iwake?

Wa kwanza kudakia alikuwa Mukalay, aitwaye Avoka, yaani wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, kwa kesi ya mbuzi.

— Acha ni acha! Tupa! Tena leo leo. Bazee balisema, haraka haraka haina baraka!

— Sasa hapo haraka inaingia wapi? aliuliza Djafari Pneu, ambaye lori lake limesimama juu ya mawe, halina tairi hata moja.

— Ni luga ya avoka. Weye wa mapneu hautasikia.

Ngoy Mashinisti, dereva wa treni, alitikisa kichwa.

— Hapana. Acha, ni kuiachilia itumike. Kule usine, kwa kiwanda ya shaba, banamwangaka asidi juu ya mawe. Inakula udongo yote, shaba inabakia. Na pua njo vile. Inakula bubaya, buzuri bunabakia.

— Na kama hamuna shaba ndani? aliuliza Odile.

Walicheka. Yeye hakucheka.

— Mi naona ni jua, alisema Djafari. Hii dawa na jua ni bibi mbili mu nyumba moja. Na mama anashinda hapa uso wazi.

Hilo hata Tshibangu alilisema, jiepushe na jua. Lakini kahawa haijiuzi yenyewe ndani ya nyumba, na kijiwe hakina paa. Odile alivuta kitambaa chake mbele kidogo.

— Jua gani! Avoka alipiga goti. Mukasai anajua tunamufukuza, anakuachia zawadi? Alitiamo sumu! Leo pua, kesho kichwa, kisha inaambukiza kahawa, Manika nzima tunabakia bila mapua!

— Alikuwa anafunga mizigo ya batoto yake, alisema Odile. Akaacha batoto, akanitafutia dawa.

Hapo akafika mama mmoja mgeni, Kadija, ameleta unga wa muhogo kutoka Kasaji. Avoka, mwepesi wa kukaribisha, akamsogezea nafasi.

— Karibu, mama! Mugeni akuye, mwenyeji apone!

Kadija aliitazama ile pua, wala hakurudi nyuma.

— Pole, mama. Inawaka?

— Inawaka sana. Na sijue niache ao niendelee.

— Si muulize tu mwenye alikupatia? Yeye iko wapi?

Djafari alitazama lori lake. Avoka, aliyeimba mlangoni pa Tshibangu kwa sauti kubwa kuliko wote, alikoroga kikombe kisicho na sukari. Mwishowe Mashinisti alisema chini chini:

— Mi niliendesha treni yabo mpaka Kamina. Batu banakufa mu mabehewa. Sikugeuka nyuma.

Odile alifunika birika, na kahawa ilikuwa bado imo.

— Mugeni akuye, mwenyeji apone, alisema polepole. Si njo weye umesema, Avoka? Basi simameni, hii benchi ni ya bagonjwa.

Walisimama wote, watu wazima kwa miaka yao, kama watoto walioshikwa. Odile alilifuta benchi kwa kitambaa chake, akakaa mwishoni, penye mguu wa tano, alipokuwa akikaa mgonjwa anayefuata. Ng'ambo ya barabara palikuwa na tundu la mlango wa zahanati, bila mlango.

— Unangoja nini, mama? aliuliza Kadija.

— Aniite.

Kadija alikaa kando yake, akafungua kitenge chake, akakinyanyua kumkinga jua.