Vigingi vya Makaburini

Kijiwe chetu cha Tandika kina benchi moja lenye mguu mfupi, na watu ambao hawajawahi kukosa jibu. Kahawa anauza Salumu. Kamishna ni Mashaka, mgambo mstaafu. Redio Mbao ni Khalfani, habari zote anazo isipokuwa za kweli. Mwalimu ni Adelard wa Bukoba, aliyeacha chaki akauza mitumba tangu soko huria liingie. Jioni ile benchi halikuyumba, maana Kamishna alikuwa amesukumia chini ya mguu mfupi kigingi kilichopakwa chokaa. Jana yake yeye na Redio Mbao waliingia makaburi ya mtaa wakang'oa vigingi vyote walivyovikuta. Mie sikwenda, ila niliwashangilia. Wapima viwanja walikwisha kula uwanja wetu wa mpira, wakazungushia ukuta hadi kisima.

Kamishna: Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ndo maana sikungoja! Mama yangu kalala mle, bwana. Nimwache ajengewe gesti kifuani?

Redio Mbao: Gesti wapi! Kituo cha mafuta. Kanambia mtu wa Ubungo, shemeji yake anamfulia bosi mwenyewe.

Mwalimu: Nyie mnaona karibu. Majani yamefyekwa, siyo? Nani zama hizi atafyeka makaburi ya watu bure? Huyo anataka mifupa.

Redio Mbao: Mifupa?

Mwalimu: Pale Vingunguti ya ng'ombe inanunuliwa, inasagwa, wanalishwa kuku. Ya ng'ombe ikiisha je? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Redio Mbao: Yarabi! Na mie asubuhi nimekula mayai!

Mie: Lakini mlisema vilikaa shaghalabaghala, vingine vimebanana. Mpimaji gani huyo?

Mwalimu: Ndo ujanja wenyewe! Akivinyoosha si mtamjua?

Kamishna: Umeona? Mwizi msomi huyo. Niliving'oa vyote, nikavitupa lundo moja. Aje sasa apime!

Tukacheka, tukagongesha vikombe. Ndipo akaja mwanamke wa makamo, kajifunga khanga kiunoni, fyekeo mkononi, vidole vyeupe kwa chokaa.

— Shikamooni.

— Marahaba, bibie.

— Mie Somoe, binti wa marehemu Bi Rukaiya, wa pale kisimani. Nimerudi kutoka Rufiji. Kuna mtu kaingia makaburini jana, hamkumwona?

Kijiwe kizima kikapata kiu ghafla. Kila mtu akainamia kikombe chake.

— Balozi wa mtaa kaniambia wanataka kugawa viwanja pale, akaendelea. Wanasema ni pori tu, hakuna aliyezikwa. Wiki jana nikamleta mjomba Mwinshehe, si ndiye aliyekuwaga akizika watu wa mtaa huu? Mie nafyeka, yeye ananionyesha, nachomeka kijiti penye kichwa cha kila mtu. Kesho wakubwa wanakuja kuangalia.

Kamishna akakohoa.

— Basi dada, si umlete tena huyo mjomba aonyeshe upya?

— Tumemzika Ijumaa, kaka. Kwao Kisiju.

— Inna lillahi, akasema Redio Mbao, safari hii kwa sauti ndogo.

— We si Mashaka wa Bi Tatu? Mama yako naye nilimwekea chake. Mjomba alipofika pale alicheka peke yake, akasema huyu mama alikuwa na vituko, hata msibani alituchekesha.

Niliona haya, wallahi. Mie niliyeshangilia bila hata kutia mguu mle.

Ukiacha jana, Kamishna alikuwa hajaenda kule tangu siku ya mazishi ya mama yake. Akainama, akakivuta kile kigingi chini ya benchi. Benchi likalala upande, kahawa ya Mwalimu ikammwagikia mapajani. Kamishna akamkabidhi Bi Somoe kijiti kwa mikono miwili.

Bi Somoe akakigeuza, akakipangusa udongo kwa ncha ya khanga.

— Hiki ulikitoa wapi?

Kamishna akamtazama Redio Mbao. Redio Mbao akamtazama Mwalimu.

— Karibu na mkorosho, akasema Kamishna.

— Upi, kaka? Mle si mikorosho mitupu?

Salumu akainua dele lake akalitikisa, akasema kahawa imekwisha. Hakuna aliyekuwa ameiomba.