Neno Analolisubiri Panela

Mvua ya mji wa Manizales haina adabu. Inanyesha hata watu wakishachoka kuilalamikia. Asubuhi ile wazee watatu walikuwa wamejibanza kwenye benchi la kona, chini ya kibaraza cha bucha iliyofungwa, kila mmoja na kikombe cha kahawa nyeusi kutoka kwenye chupa ya Doña Fabiola, mama muuza kahawa. Kulikuwa na Kanali, ambaye jeshi alilisikia tu kwa watu, maana maisha yake yote alilinda ghala la mahindi. Kulikuwa na Profesa, mpiga kengele mstaafu wa shule. Na kulikuwa na Evelio, waliyembandika jina la Redio kwa sababu hata siku ya harusi yake alikuwa na waya wa redio ya mfukoni sikioni. Miguuni pake alilala Panela, mbwa wa marehemu mkewe, mbavu zinahesabika. Tangu wamzike Ofelia, mbwa huyu hajala chakula cha maana, na Redio alikuwa anaogopa, anaogopa kwelikweli, kwamba atazika mara ya pili.

— Kwani humwekei chakula? Kanali aliuliza.

— Namwekea. Wali, mchuzi wa nyama, hata arepa yangu, mkate wangu wa mahindi, nampa. Anakaa mbele ya sahani, ananitazama mdomo. Udenda unamtoka, lakini hali kitu. Anasubiri neno.

— Neno gani tena?

— Ofelia alimfundisha hivyo. Alikuwa anamviringishia chakula ndani ya taulo kuukuu, anapiga fundo. Siku nyingine anakificha kwenye trei ya mayai. Anamwambia kaa, mbwa anakaa. Halafu anamwambia hilo neno, polepole, ndipo Panela aanze kunusa na kufungua. Alikuwa akisema mbwa wa ndani asipopewa kazi ya pua, akili inamwoza.

— Na bila neno?

— Hagusi. Na fimbo hakuwahi kumwonyesha.

Kanali akakohoa.

— Hapo ndipo mlipoharibu. Mbwa anataka amri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Huyu anayo manne, Kanali. Moja likivunjika ana akiba, Profesa alisema.

Kanali hakumjali. Alimwinamia mbwa, akafoka:

— Panela! Kula!

Panela akahamia upande wa pili wa benchi, akalaza kichwa juu ya kiatu cha Redio.

— Nimeshayasema yote, Redio alisema. Kula, chukua, tafuta, haya, karibu. Jana nimemtajia watakatifu wote ninaowajua, mpaka nikaanza kuwabuni.

— Basi mpeleke makaburini, Profesa akashauri. Mbwa hafi maji akiona ufuko.

— Ufuko na makaburi wapi na wapi?

— Aone mwenyewe kwamba mwalimu amestaafu.

— Upuuzi, Kanali alisema. Vaa aproni ya marehemu, bwana. Mbwa utamdanganya.

— Nimevaa.

Kanali alikuwa ameshaandaa kicheko. Akakirudisha, akatazama ndani ya kikombe chake.

— Ikawaje?

— Alitikisa mkia. Akanitazama usoni. Akaacha.

Profesa, ambaye kimya humwasha kama upupu, akaanza tena:

— Mimi nasema neno lilifungwa ndani ya fundo. Wanawake wana mambo yao. Chemsha lile taulo, mbwa anywe maji yake.

— Taulo lile halichemshwi, Redio alisema. Lina harufu yake.

Mama mmoja alikuwa amesimama kibarazani, kikombe mkononi, akingoja mvua ipungue. Alikuwa mpangaji mpya wa juu ya duka la viatu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Profesa alisema, akimsogezea nafasi.

Yule mama hakukaa. Alichuchumaa, akamwachia Panela anuse mkono.

— Samahani, baba. Mkeo alikuwa anamlishia wapi?

— Jikoni. Asubuhi na jioni.

— Na wewe ulikuwa unakaa wapi?

— Hapo hapo. Mezani, nakula.

— Sasa si ulikuwa unamsikia?

Redio alifungua mdomo. Panela akasimamisha masikio, akautazama ule mdomo. Kanali na Profesa nao wakautazama. Redio aliliona jiko lote: taulo la mistari, mgongo wa Ofelia ukiinama, midomo yake ikicheza. Midomo aliiona vizuri. Lakini sauti iliyomjia ilikuwa ya mtangazaji wa mbio za baiskeli, akieleza nani anaongoza mlimani.

Doña Fabiola alikuja kuwaongezea kahawa. Chupa ikatoa mvuke tu.

— Imeisha, alisema.

Redio akapeleka mkono sikioni, akachomoa waya. Hata asubuhi ile ulikuwa unaongea. Akainama mpaka uso wake ukakaribia uso wa mbwa.

— Nisamehe, alisema.

Panela alisikiliza, akakaa vizuri, akaendelea kusubiri.