Siku Bibi Alipovua Glavu

Mheshimiwa Mchungaji Broadnax, mama zetu wa kanisa mliokaa mbele na kofia zenu, ndugu wageni waalikwa: shikamooni. Sauti yangu ikizama, mnivumilie.

Leo bibi yangu, Earnestine Tolliver, anastaafu uuguzi wa kanisa. Nani hapa mjini Saginaw hajapepewa naye? Mlipozidiwa na Roho, mlipozimia mazikoni, mlifumbua macho mkaona glavu zake nyeupe. Usiku aliuguza wazee wa watu, mchana akanilea mimi; presha juu, sukari juu, na daktari akamwambia apunguze chumvi. Mama yangu alipofariki mlimsifu, "Wewe chuma, Dada Earnestine!" Naye chuma akaoka mwenyewe pai za viazi vitamu za msiba wa binti yake. Kisha akawa anajifungia bafuni na kufungulia maji, nisimsikie akilia. Nilimsikia. Niliogopa kwamba siku moja maji yangeendelea kumwagika na mlango usifunguliwe.

Hapa kwetu ukiulizwa hali, jibu ni moja: "Nimebarikiwa." Lakini Jumapili ile ya ushuhuda bibi alisimama, akavua glavu, akasema, "Mimi si mzima. Kukicha, natamani kusingekucha."

Mzee Cleophus akanong'ona, na mnong'ono wake mnaujua, "Huyu hajanywa chai."

"Cleophus, funga mdomo!" Dada Vernita, wa safu hiyo ya mbele, akainuka, akavua kofia yake ya manyoya, ile ambayo hata upepo huiogopa, akaokota upepeo wa bibi na kumpepea. "Kaa, mwenzangu. Hata mimi."

Kofia nyingine ikavuliwa. Na nyingine. Nani aliwahi kuona vichwa vile wazi kanisani? Nilikuwa kwenye kwaya, mdomo wazi.

Kesho yake Dada Vernita alimpeleka bibi kwa daktari wa maradhi ya huzuni, mwanamke wa kwetu, asiyeanza na chumvi.

Leo asubuhi nikamuuliza, "Bibi, u hali gani?"

Akapaka mkate siagi, akafikiri. "Leo? Leo nusu. Jana ilikuwa mbaya. Hebu lete jemu."

Mama zangu, sijasikia ushuhuda mkubwa kuliko nusu hiyo.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Mkinikuta kwenye meza ya pai, niulizeni hali. Nitajibu kweli.