Tumwombee Baba Aliyetii

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mkabala na lango la shule ya sekondari ya masista, na wanaolikalia wanalijua kuliko wanavyovijua vitanda vyao: huku kuna msumari, huku kunayumba, na pale katikati ni pa Hakimu, hapaulizwi. Huyo Hakimu hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa karani wa mahakama, akastaafu, hukumu zikambaki mdomoni. Daktari naye alifagia wodi miaka kumi na miwili, na anayefagia wodi, kwa maelezo yake, huyasikia magonjwa yote. Mama Birika anauza kahawa, na neno la mwisho ni lake kwa sababu birika ni lake. Pembeni, chini ya mwavuli uliotoboka, hukaa fundi viatu wanayemwita Kimya, aliyehamia pale mwaka jana na ambaye tangu hapo maneno yake hayajafika mia. Juu ya ukuta wa kanisa dogo la shule kuna spika iliyogeuziwa barabarani ili na majirani waipate misa, na wanaipata, wapende wasipende. Jumapili hii ilikuwa ya kutembelewa. Huwa mara moja kwa mwezi: misa ikiisha wazazi wanaingia kuwaona mabinti zao, na ikigonga saa sita mchana wanatoka.

Kahawa iliwapalia wakati wa maombi ya waamini. Wasichana wa shule ile huandika maombi yao kwenye vikaratasi visivyo na jina, kisha huvitumbukiza kwenye sanduku mlangoni mwa kanisa, na mmoja wao huyasoma. Walishaombea mvua, mitihani, na bibi wa mtu aliyevunjika nyonga. Kisha sauti nyembamba ikasoma:

— Tumwombee baba yangu. Nilimwambia asinisemeshe tena, naye akatii. Tumwombee aache kunitii. Ee Bwana, twakuomba.

— Utusikie, shule nzima ikaitikia.

Kimya alijichoma sindano kidoleni. Hakupiga yowe. Aliweka kidole mdomoni, akakinyonya, akainamia kiatu alichokuwa nacho.

— Mmeyasikia hayo? alisema Hakimu misa ilipokwisha na wazazi walipoanza kumiminika langoni na vikapu vyao. Baba anamtii mtoto. Ndiyo maana wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Sasa hapo mkuu ni nani? aliuliza Mama Birika.

— Mtoto. Amesema, baba kasikia, guu limepona. Kesi imefungwa.

— Umeifunga kabla hujaifungua. Mtu hanyamazi tu kwa kuambiwa. Mimi mume wangu nimemwambia anyamaze tangu tuoane.

Daktari akajikohoza, kama anavyojikohoza kabla ya kutaja ugonjwa.

— Ni maradhi, hayo. Nimeyaona kwa macho yangu wodi namba nne. Kuna bwana mmoja mkewe alimwambia, "Nisubiri hapa." Akasubiri siku tisa. Tukafagia, tukamzunguka. Huanzia kooni, yanashuka magotini.

— Na mkewe?

— Alishatokea mlango wa nyuma siku ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali imeingiaje?

— Bwana yule alikuwa na kunguni pia.

Wakacheka, na Mama Birika akaongeza vikombe. Kimya alisikia kila neno. Alitamani wacheke zaidi, wapotelee huko huko kwenye kunguni wao, maana baba anayezungumziwa ni yeye.

Mkewe alifariki binti yao akiwa katikati ya mitihani ya kidato cha pili. Ndugu walisema mtoto aitwe. Yeye akakataa. Asivurugwe, alisema, amalize kwanza, mama yake mwenyewe angetaka hivyo. Alifikiri anamkinga. Binti alirudi baada ya wiki mbili na ripoti mkononi, wa tatu darasani, anamwita mama yake tangu njiani, akaenda kuonyeshwa udongo uliokwisha kukauka. Hakulia mbele ya baba yake. Alisema tu, "Usinisemeshe tena." Kimya hakuona cha kujitetea. Kama kuna adhabu aliyostahili, aliona ndiyo hiyo, akaipokea. Tangu siku hiyo anayekwenda kumtembelea mtoto ni shangazi yake. Yeye aliondoka mtaa aliouzoea miaka kumi na tisa, akaja kuweka kisanduku chake mbele ya lango lile, na hakumwambia mtu kwa nini.

— Mimi nasema baba huyo yuko kifungoni, alisema Hakimu. Amri ya mahakama. Nimeziandika mwenyewe kwa mkono huu: asimsogelee, asimsemeshe, asimpungie.

— Mtoto kasema ni yeye aliyemwambia, wala si mahakama, alisema Mama Birika.

— Basi mtoto ndiye mahakama. Au baba ni mkuu wa shule mwenyewe, anajificha.

— Mkuu wa shule ni sista, wewe mzee.

— Nimesema anajificha.

Daktari hakucheka safari hii. Alikuwa anaizungusha kahawa ndani ya kikombe, akiitazama.

— Na kama ni Mungu? alisema.

— Mungu kafanyaje?

— "Baba yangu." Si ndivyo wanavyomwita humo ndani asubuhi na jioni? Mtoto kapatwa na jambo, kafiwa labda, akamwambia Mungu, usinisemeshe tena. Naye akatii. Sasa mtoto anasali, anasali, anaona kimya. Mimi pale wodini niliwasikia wengi wakimwambia hivyo. Sikumsikia yeye akijibu.

Mama Birika alishika msalaba wa shingoni kwake, akauachia.

— Toka hapa na kufuru zako, alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Kimya alijua kwamba jambo hili halina uhusiano na mbinguni. Lilikuwa na uhusiano na viatu. Kila Jumamosi shule humletea gunia la viatu vilivyoachia, kila jozi imeandikwa namba kwa chaki chini ya soli. Jozi namba arobaini na moja, aliyomnunulia binti yake mwenyewe, ilipokuja mara ya kwanza, ilikuwa imeachia kweli, kisigino chote. Aliishona kama anavyoshona vya nyumbani kwake, nyuzi mbili, na kurudia nyuma mara tatu pale kisigino kinapoishia. Mtoto aliyelelewa na mshono huo hawezi kuusahau. Jozi ikarudi wiki ya pili, na safari hii haikuwa imeachia. Uzi uliochakaa huacha manyoya, na uliokatwa kwa wembe huacha kichwa safi. Akashona, akarudisha. Ikaja tena imekatwa. Ilikuwa barua, hilo alilijua, ila hakujua inasema nini: njoo, au nimekujua, kaa mbali. Basi alishona, maana kushona anakujua.

Lango likafunguka, akatoka sista kijana ambaye hawakuwahi kumwona, na mfuko mkononi.

— Tumsifu Yesu Kristo, wazee wangu.

— Milele amina, walijibu, na Hakimu akasogea ili aonekane amesogea.

— Mimi ni mgeni hapa, nimekabidhiwa bweni wiki tatu tu. Fundi ni yupi kati yenu?

Wote wakaelekeza vidole chini ya mwavuli. Sista akachuchumaa, akatoa jozi namba arobaini na moja, akaiweka juu ya kisanduku.

— Samahani kukuletea kazi Jumapili, baba. Mwenyewe kasali na ndala leo. Na hivi havikuachia, vimekatwa. Nimemwuliza, kwa nini ukate viatu vyako mwenyewe, unajua vimenunuliwa kwa jasho la nani? Akaniambia, "Mpe fundi, yeye anajua."

Daktari akakiweka kikombe chini.

— Nikasema nije nikuulize, aliendelea Sista. Mkuu wa shule amechoka. Vikirudi tena safari moja tu, anapewa vile vya mpira, vya kumiminwa, ambavyo havina hata uzi. Hivyo havitakujia tena. Sasa unajua nini, fundi?

Hakimu alitazama spika. Kimya alitia uzi kwenye sindano.

Alishona huku Sista amesimama. Kilibaki kitu kama robo saa kabla ya saa sita. Kutoka pale hadi langoni ni hatua thelathini, alishazihesabu kwa macho siku nyingi, na ng'ambo yake kulikuwa na msichana mwenye ndala aliyemwombea mbele ya watu mia nne. Alimaliza cha kushoto, akamaliza cha kulia. Alifunga fundo, akalirudia, maana mkono wake haukujua kushona vibaya hata pale ambapo ingemfaa.

— Utampelekea mwenyewe? aliuliza Sista. Leo lango liko wazi kwa kila mtu.

Kimya alisimama. Vumbi la ngozi likamdondoka magotini. Alitafuta neno la kwanza. Mtu akinyamaza wiki, neno la kwanza ni pole. Akinyamaza mwaka mzima je? Alilijaribu jina la mtoto kimoyomoyo, likakwama. Aliogopa. Hakuogopa kufukuzwa, hilo angelibeba. Aliogopa kumkuta anangoja kusikia kitu, na yeye hana cha kusema.

— Kivichukue tu, alisema, halafu akasikia kwamba hata sarufi imemkimbia. Vichukue.

— Nimwambieje?

— Mwambie vimeshonwa.

Sista alingoja kidogo, kama anayedhani sentensi haijaisha. Kisha akavitia mfukoni na kwenda. Hajafika langoni kengele ya saa sita ikalia, wasichana wakaanza sala ya Malaika wa Bwana kwenye spika, na wazazi wakatoka na vikapu vitupu, wengine wakifuta macho. Mlinzi alisukuma lango, akapitisha komeo.

— Haya, natoa hukumu, alisema Hakimu. Baba yule amekufa.

— Ndiyo, alisema Daktari. Hata mimi naona hivyo.

— Spika hii inafika mpaka sokoni, Hakimu aliendelea. Angekuwa hai angesikia. Na angesikia angekwenda. Baba gani asikie maneno yale na aendelee kukaa? Kwa hiyo amekufa, Mungu amrehemu, na mtoto hajaambiwa. Watoto hawaambiwi siku hizi.

— Amesikia, alisema Kimya.

Wote watatu wakageuka. Walikuwa wamezoea kumwona kama sehemu ya mwavuli.

— Amesikia nani?

— Baba yake. Yuko hai. Amesikia.

— Wewe umejuaje? aliuliza Hakimu.

Kimya akainamia kisanduku chake. Mama Birika alikitazama kidole cha fundi kilichochomwa, kisha vipande vya uzi vilivyozagaa juu ya kisanduku, kila kimoja kina kichwa safi, kisha lile lango.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Imekwisha vipi, hata sijamaliza kesi, Hakimu alilalamika.

— Imekwisha, mzee wangu. Nendeni mkale, msije mkagombana na wake zenu. Daktari, nyanyuka.

Akavikusanya vikombe kutoka mikononi mwao, wakaondoka wakinung'unika, Hakimu bado anamweleza mwenzake kifungu cha sheria. Mama Birika alipoliinua birika lilikuwa zito, na kahawa ikasikika ikicheza ndani. Alimimina kikombe kimoja, akakiweka ukingoni mwa kisanduku cha fundi.

Jumapili nyingine ya kutembelewa ilikuwa bado wiki nne. Kimya aliokota vipande vya uzi kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa shati, akaketi akilitazama lango mpaka kahawa ikapoa.