Gentrix Nasambu, Mkalimani Aliyeomba Aelezwe Upya

Tarehe 30 Juni 2026, Bi. Gentrix Nasambu atafunga kabati lake katika ofisi ya wakalimani wa mahakama yetu hapa Kakamega na kurudi nyumbani Shieywe akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kazi ya kumwandika imeniangukia mimi, Philip Shikanga wa masjala, kwa sababu meza yangu imepakana na mlango wake kwa miaka kumi na tisa.

Alizaliwa Chekalini, katika familia iliyopata shamba la mahindi kwenye ardhi ya zamani ya mzungu. Nyumbani walizungumza Kibukusu, na kwa jirani akaokota Kinandi akicheza na watoto wa mzee Kiprotich. Aliajiriwa mwaka 1993 kuwa karani wa kupiga chapa. Juma la tatu mkalimani hakufika kazini, hakimu akauliza kama kuna anayejua Kibukusu, na yule karani mgeni akainua mkono. Mashine ya chapa ikatafutiwa mtu mwingine.

Wengi wenu mnakumbuka kesi ya kuku. Hati ya mashtaka ilisema jogoo ameibwa, shahidi akasema ingokho, na mwendesha mashtaka akamtaka Bi. Nasambu atafsiri jogoo ili mambo yaende. Alikataa katakata. "Mheshimiwa, shahidi amesema kuku. Hajasema jogoo wala mtetea. Aulizwe." Shahidi alipoulizwa, ikawa ni mtetea, tena mwenye vifaranga. Kuna pia yule mshtakiwa aliyemtukana hakimu kwa Kibukusu cha ndani kabisa. Bi. Nasambu alisimama wima akayatafsiri matusi yote, moja baada ya lingine, kwa sauti ile ile anayosomea tarehe za kutajwa kwa kesi. Hakimu alipomuuliza kama ana uhakika, alijibu kwamba yeye amekopesha mdomo tu.

Hapo ndipo rasimu yangu ya kwanza ilipokuwa imefikia kabla ya kurukia shukrani. Nilimpelekea aisome. Aliisoma akasimama nayo mlangoni.

"Shikanga, huyu ni mtu mwingine. Umeruka mwaka mzima na nusu."

"Mama Milcah, nilidhani hungependa watu wasome mambo ya ugonjwa."

"Mimi pia nilidhani hivyo, nikanyamaza miezi mitano. Andika. Na usinifanye shujaa. Andika vile nilikuwa nimechanganyikiwa."

Basi naandika.

Agosti 2024 alianza kuomba kitu ambacho hakuwa amewahi kuomba. Katikati ya ushahidi angeinua mkono na kusema, "Mheshimiwa, naomba dakika tano." Mwanamke aliyeweza kusimama kando ya kizimba kuanzia asubuhi hadi saa saba sasa alikuwa anakwenda msalani mara tatu. Kile ambacho hatukujua ni kwamba mkojo wake ulikuwa mwekundu, na kwamba haukuwa na maumivu yoyote. Kwa sababu haukuuma, alijiambia ni uzee. Kliniki moja ikamwambia ni maambukizi na kumpa vidonge. Damu ilikoma, ikarudi. Alipewa vidonge tena, kisha tena. Mara ya tatu aliweka pakiti mezani, akauliza, "Hiki mnachokitibu, kuna mtu amekiona?" Ndipo akaandikiwa barua ya kupigwa picha.

Januari 2025, katika hospitali ambayo sitaitaja, walimwingiza kamera nyembamba wakaona uvimbe ndani ya kibofu. Waliukwangua na kuupeleka maabara. Siku ya majibu aliniomba nimsindikize. Mumewe alifariki zamani, na binti yake Milcah anafundisha Machakos.

Daktari alikuwa mpole, ila nje palikuwa na foleni ndefu. "Mama, ni saratani ya kibofu, na ni ile aina kali," alisema. "Ushauri wangu ni tutoe kibofu chote. Mkojo utakuwa unatoka kwa mfuko hapa tumboni. Una swali?"

"Sina," alisema Bi. Nasambu.

Tulitoka nje mpaka kwenye maegesho. Alisimama kando ya gari la mtu tusiyemjua, mkoba kifuani, akanitazama.

"Amesema nini?"

Nilikuwa nimesikia kila neno na sikuweza kumrudishia hata moja kwa mpangilio. Mtu aliyefanya kazi ya kueleza wengine kilichosemwa alikuwa ananiuliza mimi. Kisha akasema twende tukanywe chai.

Majuma yaliyofuata siwezi kuyaeleza vizuri kwa sababu hayakuwa na mstari. Milcah alipiga simu kila jioni akimsihi mama yake atolewe kibofu mara moja, kabla ugonjwa haujatembea. Wekesa, mdogo wake wa Chekalini, alisema asikubali kisu, kwani alimjua mtu aliyekatwa na hakuamka. Selpher wa kwaya alikuwa amesikia kuna dawa inayomiminwa kibofuni na mtu anaendelea na maisha yake. Bi. Nasambu aliyaandika yote kwenye daftari la mazoezi, ukurasa huu ukibishana na ule. Kuna siku alifika kazini akiwa ameamua upasuaji. Kufikia saa nne alikuwa ameamua dawa. Saa nane alikuja masjala kuniuliza kama inawezekana majibu yale yalikuwa ya mtu mwingine.

"Nikiwa kazini, nikipotea, namwambia shahidi arudie," aliniambia siku hiyo. "Kwa nini pale nilisema sina swali?"

"Ulishtuka, Mama."

"Nilishtuka, ndiyo. Lakini pia niliona haya. Daktari ana watu hamsini nje, na mimi nimwambie sijaelewa?"

Kesho yake alirudi hospitalini kuomba nakala ya ripoti. Karani alimweleza kuwa ripoti hukaa kwenye faili. Bi. Nasambu hakupaza sauti. Alimwambia kwamba faili ni ya hospitali, mwili ni wake, na kwamba angengoja pale kwenye benchi. Alingoja saa mbili. Alipewa nakala.

Tuliisoma wakati wa chakula cha mchana, juu ya meza yangu. Ilikuwa ya Kiingereza cha maabara, na mengi yalitupita. Lakini kulikuwa na mstari mmoja mfupi kuelekea mwisho ambao alirudia kuusoma, kidole chake kikiufuata. Ukiuweka kwa Kiswahili, ulisema msuli haukuonekana kwenye sampuli.

"Hii sentensi ina maana mbili," alisema.

Nilimwambia mimi naona moja tu. Saratani haikuonekana msulini, basi ni habari njema.

"Soma tena. Haijasema saratani. Imesema msuli ndio haukuonekana. Shahidi akisema hakumwona mwizi, huenda mwizi hakuwepo. Huenda pia shahidi mwenyewe hakuwepo pale. Mimi nataka kujua huyu alikuwepo au hakuwepo."

Alimpigia yule daktari wa kwanza, akaambiwa yuko chumba cha upasuaji. Alipiga mara nne ndani ya siku mbili. Alipochoka, alitafuta maoni ya pili Eldoret, kwa daktari wa njia ya mkojo aitwaye Kiprono. Nilikwenda naye. Safari hii alikuwa na daftari, na kabla hata daktari hajaketi vizuri alimwambia, "Daktari, mimi ni mkalimani wa mahakama. Nitakuomba useme sentensi moja, ungoje nikurudishie kwa maneno yangu. Nikikosea, nisahihishe. Halafu uende kwa ingine."

Daktari Kiprono alitabasamu kidogo, akakubali. Akasoma ripoti.

"Kipande kilichokatwa hakikufika kwenye msuli," alisema.

"Kwa hivyo hakuna anayejua kama saratani imeingia huko."

"Kwa sasa, hakuna."

"Na kibofu kingetolewa hivyo hivyo?"

Daktari alifikiri. "Huenda uamuzi ungekuwa ule ule, Mama. Saratani kali kama hii, kutoa kibofu mapema si kosa. Lakini ulifaa kuamua ukijua."

Alishauri akwanguliwe mara ya pili, ndani zaidi. Ilifanyika Machi. Majibu yalirudi yakisema msuli upo, na ni safi. Ila ugonjwa ulikuwa umepita utando wa ndani na kugusa tabaka lililo chini yake, karibu na msuli lakini nje yake.

Nilidhani hapo mkanganyiko ungekwisha. Ndipo ulipokolea. Daktari Kiprono alimwambia kwamba sasa ana njia mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni ile ya kutoa kibofu, itakayoondoa hatari kubwa kwa mkupuo mmoja na kumwachia mfuko maisha yake yote. Ya pili ni dawa inayotokana na chanjo ya kifua kikuu, inayomiminwa kibofuni kwa mrija mara moja kwa juma, majuma sita, kisha kuendelea kwa vipindi. Hiyo inakiacha kibofu mahali pake, na inaacha pia uwezekano wa saratani kurudi.

"Ungekuwa ni mama yako, ungemwambia nini?" aliuliza.

"Mama yangu angeukataa mfuko hata kabla sijamaliza kueleza. Lakini wewe si mama yangu. Kuna mgonjwa wangu aliyetolewa kibofu na analima mahindi yake hadi leo, na anasema analala usingizi kuliko zamani."

Bi. Nasambu aliandika hayo yote. Kisha akauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililomfungua kidogo. "Nikianza na dawa na ikakataa, mlango wa upasuaji utakuwa umefungwa?"

"Hautafungwa. Ila tukichelewa, ugonjwa unaweza kuingia msulini, na hapo mambo ni mazito."

"Nitajuaje tumechelewa?"

"Kwa kuingiza kamera kila miezi mitatu. Usikose hata mara moja."

Akairudisha sentensi hiyo kwa maneno yake, polepole, na daktari akaitikia kwa kichwa. Akaomba siku kumi. Siku ya tisa alimpigia Milcah na kumwambia amechagua dawa. Milcah alilia, kisha akauliza tarehe ili aombe ruhusa shuleni.

Nilimuuliza kama ana uhakika. Alisema hana. Alisema amechoka kungoja uhakika uje kwanza.

Dawa ilimuunguza na kumpa homa. Juma la nne haikupatikana, akangoja siku kumi na mbili akijiuliza kama zile dozi tatu za kwanza zimeharibika. Alipiga simu akauliza, akaelezwa, akauliza tena. Julai na Oktoba kamera haikuona kitu. Januari iliona doa jekundu, na kwa juma moja na nusu hakuna aliyejua ni nini. Ulikuwa mwasho tu uliosababishwa na dawa yenyewe. Aprili mwaka huu, safi. Watu humpongeza kwa kupona, naye hubaki akiwatazama, kwa sababu daktari hajatumia neno hilo na yeye hawezi kutafsiri lisilosemwa.

Katika muda huo wote alikosa kazi siku ishirini na nane tu. Februari aliomba dakika chache wakati wa chai ya wafanyakazi na kutueleza habari ya damu isiyouma, bila kuzungukazunguka. Wanaume wengine waliangalia vikombe vyao. Siku tatu baadaye dereva wetu Sylvanus alikwenda kupimwa jambo alilolificha tangu Krismasi. Lilikuwa jiwe la figo, na limeshatolewa. Ameniruhusu niandike.

Bi. Nasambu, mahakimu kumi na mmoja wamekaa kiti kile wakikusikiliza, na maelfu ya watu wa Lugari, Ekero na Kabras walisikika kama walivyosema kwa sababu ulikuwapo. Tunakushukuru kwa hilo, na kwa kutuonyesha kwamba mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima yake, anaweza kusema mbele ya daktari kwamba hajaelewa.

Kamera inayofuata ni tarehe 9 Julai, siku tisa baada ya kutuaga. Hatujui itaona nini, nawe umetukataza kujifanya tunajua. Milcah atakuwa darasani akisimamia mitihani, hivyo nimeomba ruhusa ya siku hiyo na nimeipata. Gari la saa kumi na mbili, kama kawaida. Wenzako wote wa mahakama wanakuombea miaka mingi yenye afya, kahawa isiyokatizwa na kengele ya korti, na usingizi wa kutosha kabla ya safari.